Mwanzi Uliovuka Ua

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na wachache wenu mmeniandikia barua pepe mkiulizia sehemu ya pili ya mafunzo ya Python niliyoahidi. Itakuja, msinichoke. Leo lakini naomba ruhusa niandike juu ya kitu ambacho kimenitoa jasho kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kukutana nayo kwenye tarakilishi. Kitu chenyewe ni mwanzi.

Naam, mwanzi. Zile fito ndefu zinazopendeza sana kwenye bustani za hoteli na kwenye picha za nyumba za kisasa. Ninao nyuma ya chumba changu cha kazi huku Limuru, na kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu ya pili, isiyo na mshahara, imekuwa kuuzuia usihamie kwa jirani. Kama unafikiria kuupanda, soma hadi mwisho. Kama tayari umeupanda, soma haraka!

Ilivyoanza

Mwaka 2020, korona ilipofunga ofisi, niliondoka Nairobi nikarudi nyumbani kwa mama. Nilijenga chumba kimoja cha mbao mwisho wa ploti, karibu na ua, nikaingiza meza, kipakatalishi, skrini ya pili na intaneti. Dirisha lilitazama upande wa jirani. Jirani mwenyewe ni mwalimu mstaafu aliyenifunza darasa la tatu, na mpaka leo mtaa mzima humwita Mwalimu, sisi na wazazi wetu pia.

Mwalimu ni mtu wa watu. Kila aliponiona dirishani alikuja hadi kwenye ua. "Kijana wangu, umeamkaje?" Wakati huo mimi niko katikati ya mkutano wa video na mteja, naeleza kwa nini programu yake haiko tayari. Siku nyingine angeinua simu juu ya ua. "Hebu niangalizie, hii kitu inasema nafasi imejaa." Mbuzi wake wawili nao walikuwa na kipaji cha kulia kila nilipowasha maikrofoni.

Nikaamua nahitaji pazia. Ukuta wa mawe ungegharimu pesa ambazo sikuwa nazo, na halafu ukuta una maneno: ukijenga leo, kesho mtaa wote unauliza mmekosana nini. Nilitaka kitu cha kijani, kirefu, kinachokua upesi na kisichoonekana kama tusi. Kwa hiyo Jumamosi moja nilisimama kwa muuza miche kando ya barabara nikamwuliza kuhusu mwanzi mmoja mzuri wenye fito za manjano.

"Unakua haraka?"

"Haraka sana, bosi. Utashangaa."

Hakunidanganya hata kidogo. Kosa ni langu, maana swali nililopaswa kuuliza halikuwa unakua haraka kiasi gani bali unakua kuelekea wapi. Nilinunua miche 12 kwa shilingi 350 mmoja, jumla shilingi 4,200. Nikaipanda kwa mstari, mita moja kutoka mche hadi mche, na nusu mita tu kutoka kwenye ua.

Mama alikuja akasimama, mikono kiunoni. Yeye alikulia upande wa Nyandarua na anaufahamu mwanzi wa msituni, ule tunaouita murangi kwa Kikuyu. Akaniuliza, "Kwani murangi umekosa msitu?" Nikacheka. Nikamweleza kwamba huu ni wa mapambo. Shahada ya sayansi ya tarakilishi inampa mtu ujasiri mwingi wa kueleza mambo asiyoyajua.

Mianzi ya aina mbili

Sasa niwape somo ambalo ningelipata mapema ningeokoa migongo miwili, wangu na wa fundi niliyemkodi baadaye.

Mwanzi si mti. Ni nyasi, ndugu wa mahindi na miwa. Kuna zaidi ya aina 1,400 duniani, lakini mtu mwenye bustani anaweza kuanza kwa kuzigawa katika makundi mawili tu: mwanzi wa kichaka na mwanzi wa kutambaa.

Tofauti iko chini ya ardhi. Mwanzi una shina la pili ambalo hatulioni, linalolala ndani ya udongo, na watu wengi huliita mzizi ingawa si mzizi. Kwenye mwanzi wa kichaka, shina hilo la chini ni fupi na nene. Hujipinda mara moja kwenda juu na kuwa ufito mpya pale pale kando ya mama yake. Kichaka kinanenepa polepole, lakini hakisafiri. Ule mwanzi wa manjano wenye mistari ya kijani unaouona sana kwenye mahoteli na kando ya mito, Bambusa vulgaris, ni wa kundi hili. Mimi nilidhani ndio niliouziwa.

Kwenye mwanzi wa kutambaa, shina la chini ni jembamba, refu, na ncha yake ni kali kama mkuki. Linaenda mbele, si juu. Kila baada ya sentimita chache lina fundo, na kila fundo lina jicho. Jicho moja laweza kuwa ufito. Jicho jingine laweza kuwa shina jipya la chini, nalo likaenda upande wake likiwa na mafundo yake na macho yake. Waandishi wa programu mmeshaelewa: ni kazi inayojiita yenyewe, na hakuna mtu aliyeandika sharti la kusimama.

Wangu ni Phyllostachys aurea, mwanzi wa dhahabu, asili yake China. Ni wa kutambaa. Tena unapenda hali ya hewa ya baridi kidogo na udongo mwekundu wa nyanda za juu, yaani Limuru ni kama umeandaliwa kitanda.

Unaweza kuutambua kabla hujalipa. Tazama ufito juu kidogo ya mahali tawi linapotokea. Kama upande mmoja umebonyea, kama mfereji mdogo unaopanda kuelekea fundo la juu, na kama kwenye kila fundo kuna matawi mawili makuu, hiyo ni jamii ya Phyllostachys na inatambaa. Kama ufito ni mviringo kabisa na kwenye fundo kuna matawi mengi yaliyosongamana, hapo pengine una mwanzi wa kichaka. Na kwa huu wangu kuna alama nyingine: pingili za chini za baadhi ya fito hubanana na kupinda, kama vidole vilivyovimba. Inachukua nusu dakika kuangalia. Mimi sikuitumia.

Miaka ya ukimya

Mwaka wa kwanza mwanzi haukufanya lolote. Mwaka wa pili ulitoa vifito vyembamba kama kalamu. Mvua nazo zilikuwa haba miaka ile, 2021 na 2022, na nikaanza kuamini nimeibiwa. Nilimwagilia maji. Nikaweka samadi. Samadi ya mbuzi wa Mwalimu, tafadhalini, aliyonipa bure juu ya ua.

Nilichokuwa sijui ni kwamba mwanzi wa kutambaa huanza kujenga chini kabla ya kujenga juu. Wakati mimi natazama vifito na kusikitika, shina la chini lilikuwa kazini, mita baada ya mita, bila sauti. Mnajua ile programu unayodhani imekufa kwa sababu haionyeshi kitu kwenye skrini, kumbe inajaza diski yote? Ndiyo hiyo.

Kisha zikaja mvua kubwa za El Niño mwishoni mwa mwaka 2023, na baada yake masika ya 2024. Mwanzi ukaamka.

Jambo moja la ajabu juu ya mmea huu ni kwamba ufito hutoka ardhini ukiwa na unene wake wote wa maisha. Haunenepi tena. Unarefuka tu, na katika miezi miwili hivi unamaliza kurefuka kabisa. Kuna aina za mwanzi zilizowahi kupimwa zikirefuka sentimita 91 kwa siku moja. Wangu si wa kiwango hicho, lakini nilichukua rula nikapima chipukizi moja jioni na jioni iliyofuata: sentimita 19. Nilifurahi sana. Niliwapigia picha wenzangu kazini. Pazia langu lilikuwa limefika, jirani haonekani tena, mikutano yangu imetulia.

Siku kumi baadaye mama aliniita. Mwalimu alikuwa sebuleni. Hakuja kwenye ua, alizunguka barabarani akaingia kwa lango kama mgeni.

"Kijana wangu," akasema, "njoo uone kitu."

Kaburi

Mume wa Mwalimu alizikwa nyuma ya nyumba yao mwaka 2016. Kaburi liko mita tatu hivi kutoka kwenye ua wetu, limefunikwa kwa saruji na vigae vyeupe ambavyo yeye mwenyewe huviosha kila Jumamosi. Nilikuwapo siku ya mazishi. Nilikuwa mmoja wa vijana waliobeba viti.

Machipukizi yalikuwa yametapakaa kwenye shamba lake la sukumawiki, na hilo peke yake lingetosha kunitia aibu. Lakini mawili yalikuwa kwenye kaburi. Moja lilisimama kando yake, jingine lilikuwa limepita kwenye mwanya kati ya saruji na udongo, likainua kigae cha pembeni. Kigae kilikuwa kimelala ubavu juu ya chipukizi kama kofia.

Niseme hapa kwamba mwanzi hautoboi saruji nzima. Hutafuta ufa, na ukishaupata huusukuma. Lakini siku ile sikuwa na hamu ya kumweleza mtu yeyote jambo lolote.

Mwalimu hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Nimeung'oa mara mbili, unarudi. Nikaona nikuulize wewe uliyesoma. Huu mmea unataka nini?"

Marekebisho ya kijinga

Jibu langu la kwanza lilikuwa panga. Nilivuka ua nikakata kila chipukizi nililoliona, nikarudisha kigae, nikaomba msamaha, nikaenda kulala. Baada ya wiki mbili yalirudi. Mtu wa programu anajua kosa hili: ukiondoa ujumbe wa hitilafu kwenye skrini, hujaondoa hitilafu.

Jibu la pili lilikuwa mabati. Tulikuwa na mabati ya zamani yaliyotolewa kwenye paa la zizi. Nilichimba mfereji mwembamba kando ya ua, sentimita 30 kwenda chini, nikayasimamisha humo moja baada ya jingine na kufukia. Yalikaa vizuri sana machoni. Miezi mitano baadaye, vuli ya 2024, nilichimba kuangalia. Shina moja lilikuwa limepita chini ya bati. Mawili yalikuwa yamepita mahali bati moja linapokutana na jingine, penye nafasi ambayo mimi singeweza kupitisha kadi ya benki. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilijenga ukuta wenye nyufa.

Mwisho nikafanya nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Niliacha kushika vifaa, nikaketi nikajiuliza: chakula cha lile chipukizi la kaburini kinatoka wapi?

Mmea mmoja

Jibu likanishtua. Kinatoka kwangu.

Ufito mchanga hauna majani, kwa hiyo haujilishi. Hulishwa na akiba iliyo kwenye shina la chini, na akiba hiyo hutengenezwa na majani ya fito nyingine zilizoungwa nalo. Mianzi ninayoiona kama mimea hamsini ni michache tu iliyounganishwa chini kama tarakilishi kwenye mtandao mmoja. Nilipokuwa nikikata machipukizi kwa Mwalimu, pazia langu zuri lilikuwa likipokea jua upande huu na kutuma chakula upande ule. Na mimi nilikuwa nalimwagilia maji.

Umoja huu wa mwanzi unafika mbali kuliko bustani. Kuna jamaa yake wa karibu huko Japani, madake, ambaye huchanua maua baada ya takriban miaka 120. Alipochanua miaka ya 1960 na kuingia ya 1970, alichanua Japani na pia kwenye bustani za nchi nyingine ambako vipande vyake vilikuwa vimepelekwa. Nakala zote za mmea mmoja zilikuwa zimebeba saa moja. Nilipolisoma hilo usiku mmoja nilisahau hasira kwa muda.

Kwa hiyo mpangilio wa kazi ulikuwa huu: kwanza kata muunganisho, ndipo ushughulikie kilichobaki ng'ambo.

Tulichofanya

Nilimkodi fundi mmoja wa mtaani. Tulichimba kwa sururu na jembe la meno kwa Jumamosi tatu, mtaro wa mita 14 sambamba na ua, upande wangu. Mashina mengi ya mwanzi huu hukaa kwenye sentimita 30 za juu za udongo, kwa hiyo tulishuka hadi 45 kuwa na uhakika. Tulikuta mashina saba yakivuka kwenda kwa Mwalimu. Saba tu! Yote ya unene wa kidole. Tuliyakata kwa msumeno, tukavuta vipande, na kila kipande tukakitupa kwenye karai, si chini, kwa sababu kipande chenye jicho ni mche.

Hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuweka kizuizi cha plastiki ngumu, cha unene wa milimita 1.5 hadi 2, kina cha sentimita 60 hadi 75, kikibaki sentimita 5 juu ya ardhi ili uone shina likijaribu kuruka. Juu kiegemee nje kidogo ili ncha ikikigonga ipande, isizame. Ile plastiki nyepesi ya kutandika mabwawa ya maji ya mvua, ya nusu milimita, haitoshi. Ncha itaitoboa.

Njia ya pili ni kuacha mtaro wenyewe, ukijazwa takataka laini za majani, na kuukagua mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli. Shina likifika mtaroni linatokeza ncha hewani au kwenye majani, unaliona, unalikata. Nilichagua hii. Ni rahisi kwa mfuko, lakini sababu kubwa ni nyingine. Kizuizi kinakupa usingizi, na nilikwisha kulala vya kutosha. Mtaro unanilazimisha kupiga magoti na kuangalia.

Pia niling'oa miche sita kati ya 12. Pazia likabaki na mapengo, na kupitia mapengo hayo kamba ya nguo ya Mwalimu ikaanza kuonekana tena.

Ng'ambo kulikuwa na kazi ngumu zaidi. Kwenye sukumawiki tulichimba na kuondoa tulichoweza. Lakini kaburini, nani atapeleka sururu? Sikuthubutu hata kuuliza. Dawa ya kuua magugu nayo Mwalimu aliikataa, kwa sababu ya mboga na mbuzi. Ikabaki njia ya polepole: kuufisha njaa. Kila chipukizi hutumia akiba kuchomoza. Ukilikata kabla halijafungua majani, akiba imetumika na hakuna kilichorudi. Shina lililokatwa kutoka kwa mama yake lina akiba ya kuhesabika. Unachotakiwa ni kutochoka kabla yake, na hiyo yaweza kuchukua miaka miwili au mitatu.

Basi kila Jumamosi ya msimu wa mvua navuka kwa Mwalimu na mkasi wa bustani. Mimi ni mimi, kwa hiyo nilifungua lahajedwali. Machipukizi upande wake:

Masika 2024: 41
Vuli 2024: 23
Masika 2025: 9
Vuli 2025: 2

Yale mawili ya mwisho yalikuwa membamba kama njiti ya kiberiti. Mwaka mmoja kabla, yalikuwa mazito kama kijiti cha ufagio.

Chai

Mwalimu hana desturi ya kumwacha mtu afanye kazi kwake aondoke bila chai. Kwa hiyo baada ya mkasi huja kikombe, na baada ya kikombe huja simu. Nimeshafuta picha zilizojaza nafasi, nimemwonyesha namna ya kuhifadhi nakala, nimemwekea maandishi makubwa. Yeye naye huniuliza maswali ya darasani. Siku moja aliuliza kama mmea huu una faida yoyote duniani. Nikamweleza kuhusu Edison, kwamba baada ya kujaribu uzi wa pamba mwaka 1879, kuanzia 1880 maabara yake ilipata waya bora wa taa kutoka kwenye mwanzi uliochomwa ukawa kaa, na kwamba mwanzi aliouchagua ulikuwa madake kutoka Japani, taa zake zikidumu zaidi ya saa 1,000. Alifurahi sana. Wiki iliyofuata nilimkuta akiwasimulia wajukuu wake, kwa usahihi kuliko nilivyomsimulia mimi.

Fito ninazopunguza upande wangu nampelekea. Ufito ukifikisha miaka mitatu hivi unakuwa umekomaa na mgumu, na wangu wa mwanzo umefika. Maharagwe yake ya kupanda sasa yamesimama juu ya mwanzi uleule uliomuudhi, na mbuzi wale wanakula majani.

Jumamosi moja, mwaka jana, nilikuwa nimechutama kando ya kaburi nikichunguza udongo. Alikuwa akifuta vigae. Bila kuniangalia akauliza, "Kwani ulipanda hii kitu kwa nini?"

Ningeweza kusema ni mapambo, kama nilivyomwambia mama. Nikasema ukweli. Kelele, mikutano, dirisha.

Alikamua kitambaa, akamwaga maji machafu mbali na kaburi. "Ungeniambia tu, kijana wangu. Ningekuwa nakuja jioni."

Sentensi moja. Ingenigharimu sentensi moja mwaka 2020, badala ya shilingi 4,200, Jumamosi zisizohesabika na kigae cha mtu aliyelala. Nilibaki nikichimbachimba udongo mahali ambapo hapakuwa na kitu.

Kwa wanaotaka kupanda

Nisiwakatishe tamaa. Mwanzi ni mmea mzuri, na sita niliobakiza sitaung'oa hata mmoja. Upepo wa jioni ukiupitia nasahau hata mteja. Lakini:

- Uliza jina, si sifa. "Mwanzi wa manjano" si jina. Kagua ufito kwa ule mfereji mdogo niliowaeleza.
- Kama ploti yako ni ndogo, panda wa kichaka. Utapata pazia, ila itachukua nafasi pana kidogo chini.
- Kama ni wa kutambaa, weka kizuizi au mtaro siku ileile ya kupanda. Mita 14 za udongo mtupu ni kazi ya siku moja. Mita 14 zenye mashina ni Jumamosi tatu.
- Usipande nusu mita kutoka kwa mtu mwingine. Acha nafasi ya kutembea kuzunguka mwanzi wako pande zote.
- Ukiona umevuka, usianze na panga. Tafuta ulikoungwa, kata hapo kwanza.
- Usitupe vipande vya mashina ya chini barabarani wala mtoni. Utakuwa umempandia mtu mwingine.
- Kabla ya hayo yote, mwambie jirani unachotaka kupanda na kwa nini.

Hilo la mwisho halimo kwenye vitabu vya bustani nilivyosoma.

Mvua zimeanza kunyesha tena huku. Kesho ni Jumamosi, nitafungua mtaro, kisha nitavuka. Mwalimu ameniambia simu yake imeanza kusema Kijerumani na hajui alibonyeza nini. Mikutano yangu siku hizi iko asubuhi, naye huja kwenye ua baada ya saa kumi na moja, pale penye pengo.

Sehemu ya pili ya Python inakuja wiki ijayo. Safari hii kweli!